Samaki wa Kishimo cha D3

Samaki wa kwanza alikuwa amekufa. Nikajiambia samaki hufa, si habari. Nikasogeza trei kidogo chini ya hadubini nimtazame wa pili, naye amekufa. Wa tatu alikuwa amelala ubavu chini ya kishimo, mwili wake mwangavu kama kipande cha kucha. Vifaranga wa samaki pundamilia huonekana mpaka ndani, kwa hiyo niliuona moyo wake vizuri. Haukuwa ukidunda. Nilihesabu mpaka sitini, nikahesabu tena mpaka sitini.

Hao walikuwa samaki wa kishimo cha D3. Na dawa ya D3 ndiyo baba yangu aliyokuwa akimeza kijijini kwa siku ya tisa sasa, mbili asubuhi na mbili jioni, kwa maelekezo yangu mimi.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Naitwa Swaroopa, nafanya kazi kwenye maabara moja hapa Hyderabad, na kazi yangu ni kukata uti wa mgongo wa samaki. Nikitaja hivyo harusini watu hunitazama kama mchawi, na shangazi zangu hubadilisha mazungumzo. Lakini ndiyo kazi. Kifaranga wa siku tatu, mdogo kuliko punje ya mchele, unamlaza, unamkata neva za mgongoni kwa sindano nyembamba, na mkia wake unalala palepale. Kisha unangoja. Samaki huyu ana kitu ambacho sisi tumenyimwa: neva zake huota tena, zikavuka jeraha, zikashikana, naye akaogelea kama hakuna kilichotokea. Sisi tunachotafuta ni dawa itakayoharakisha huko kuota. Tunachukua dawa za zamani zilizokwisha kujulikana, tunaziweka moja moja kwenye trei yenye vishimo tisini na sita, samaki watatu kila kishimo, kisha tunaangalia nani ameogelea kabla ya wenzake.

Kila nilipowaona wakiogelea tena niliona wivu. Ndiyo, niliwaonea wivu samaki. Maana baba yangu, Narsimlu, ni mgema wa tembo la mvumo, mti wa jamii ya mnazi, kama alivyokuwa baba yake, na miaka miwili iliyopita mkanda wake ulikatika akiwa juu kabisa ya mti. Alianguka akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo haisikii miguu yake. Amelala barazani kwenye kitanda cha kamba, mtu aliyekuwa akipanda miti kumi na miwili kabla ya kunywa chai.

Sasa nirudi nyuma siku tisa, kwenye Dasara, sikukuu yetu kubwa ya Kihindu, kwa sababu balaa lote lilianzia pale.

Siku moja kabla ya Dasara huwa tunaabudu vyombo vya kazi. Mwenye teksi anaivisha teksi yake maua, fundi anaipaka cherehani yake manjano, nasi tunavisha hadubini. Moiz, mwenzangu wa meza ya pili, ni Mwislamu, lakini kila mwaka ndiye anayeleta shada la maua ya marigodi na kulifunga.

"Huyu bibi mwaka mzima haoni vizuri," alisema akiifunga hadubini shada, "leo kavaa maua, kesho ataona mpaka dhambi zenu."

Tulicheka. Sattemma, mama mtu mzima anayelisha samaki na kubadilisha maji yao tangu kabla sijaajiriwa, alipita na sahani ya unga mwekundu wa baraka akichovya kidole na kutia nukta kwenye kila kitu: mlango, kabati la joto, pampu za maji, paji la uso la Moiz. Tukala wali wa ndimu na peremende, tukazima taa, tukaenda zetu.

Kesho yake ilikuwa Dasara yenyewe, lakini samaki hawana sikukuu, na trei yangu ilikuwa imefikia saa ya kusomwa. Nilikuja peke yangu asubuhi ili niisome haraka, kisha nipande basi kwenda kijijini. Nikafika kishimo cha D3, nikawagusa mikia kwa unywele kama tunavyofanya, na wote watatu wakachomoka! Siku mbili tu baada ya kukatwa! Majirani zao wote walikuwa wamelala kama nyuzi. Nikawagusa tena, wakazunguka kishimo mbio. Nililia pale pale na barakoa usoni. Mbele kidogo, kishimo cha E10, samaki wote walikuwa wamekufa, mioyo imesimama. Niliandika "E10, wamekufa," nikapita bila hata kuvuta pumzi. Nani ana habari na wafu siku kama ile?

Kanuni ya maabara kila mtu anaijua: jibu si jibu mpaka lirudi mara tatu. Ningemkaripia mwanafunzi yeyote aliyeisahau. Lakini nilifungua orodha, nikaona D3 ni dawa ya zamani ya mzio, ya watu kupiga chafya na kujikuna, ambayo baadhi ya maduka ya dawa bado yanayo. Nikasema, dawa ya kujikuna itamdhuru nini? Nikashuka basi mjini Bhongir, nikanunua. Jioni ile nilimpa mama yangu pakiti, nikamwambia ampe mara mbili ya ilivyoandikwa, maana samaki walipewa nyingi. Mama hakuuliza. Mtoto wake anafanya kazi kwenye maabara, atauliza nini?

Siku ya nne baba akapiga simu mwenyewe.

"Binti," akasema, "vidole vina joto."

"Vidole gani?"

"Vya miguu. Vya wapi tena? Vya mikono vina joto miaka yote."

Nilicheka kwa sauti kwenye ngazi za maabara mpaka watu wakageuka. Nikamwambia aendelee, asiache hata siku moja.

Na sasa hii trei ya kurudia jaribio, na samaki watatu wa D3 wamekufa.

Nikasema nimekosea kipimo. Nikakagua, sikukosea. Nikaenda kwenye jokofu nikatoa trei ya kwanza, ile ya Dasara, kwa sababu hatutupi trei mpaka mwezi uishe. Trei zetu ni za plastiki isiyo na rangi, na herufi zimechongwa humo humo, hazionekani kabisa chini ya taa. Ndiyo maana wote tuna desturi moja: unatia nukta ya kalamu nyekundu kwenye pembe ya A1, na unasoma kuanzia penye nukta. Nukta ilikuwepo. Nikaipapasa kwa kidole, sijui kwa nini. Ikatoka yote, ikabaki kwenye glavu yangu kama unga.

Wino hautoki kama unga.

Niliinua trei dirishani nikaitafuta herufi kwa macho. Pembe yenye unga haikuwa A1. Ilikuwa H12, pembe ya upande wa pili kabisa. Nukta yangu ya kalamu niliifuta mwenyewe kwa spiriti nilipoipangusa trei kabla ya kuiingiza kwenye kabati la joto, kama ninavyozipangusa zote, na siku hiyo kwa haraka ya maandalizi ya sherehe sikuirudishia. Trei nzima niliisoma kichwa chini. Nilichokiita D3 kilikuwa E10. Nilichokiita E10, kile cha wafu, ndicho kilichokuwa D3.

Kwa hiyo nilikuwa nimemnunulia baba yangu dawa iliyosimamisha mioyo ya samaki. Nilikuwa nimemwambia asiache hata siku moja.

Sattemma aliingia na ndoo yake wakati huo huo. Sijui sura yangu ilikuwaje, ila aliiweka ndoo chini.

"Mwanangu, una nini?"

"Nani kaweka unga kwenye trei hii?"

Aliitazama, akatabasamu. "Mimi. Nyingine sikuzigusa. Hiyo ulisema ndiyo trei uliyoitegemea kwa ajili ya baba yako, basi nikaitia nukta moja nikalitaja jina lake. Nilimwombea."

"Nani alikwambia uguse trei zangu? Nani alikutuma?"

Nilimpigia kelele. Mwanamke anayelingana na mama yangu, aliyekumbuka jina la baba yangu mbele ya Mungu. Singeweza kumwambia kilichotokea, maana ningemwambia angekufa na yeye, kwa hiyo nilimpita nikatoka mbio, simu sikioni.

Simu ya nyumbani hubaki na baba mchana, mama akiwa shambani kuchuma pamba. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikalia mpaka ikakatika. Ndani ya kichwa changu nilikiona kitanda cha kamba, mkono wake ukining'inia, simu ikilia karibu na sikio lisilosikia.

Moiz alinikuta kwenye maegesho nikijaribu kukumbuka basi la Bhongir linapita wapi, na mimi nimelipanda miaka minane.

"Daktari wa samaki," akasema, "mbona umekuwa kama samaki mwenyewe? Funga mdomo."

"Nipeleke kijijini."

"Sasa hivi? Nina embrio mia mbili za..."

"Moiz, nimemuua baba yangu."

Alinivisha helmeti yake, yeye akabaki kichwa wazi, na tukatoka na pikipiki katikati ya malori ya barabara ya Uppal. Nilimweleza kwa kupiga kelele mgongoni kwake, neno likija na upepo lingine likipotea. Nilipofika kwenye habari ya trei kusomwa kichwa chini alipunguza mwendo.

"Ulimpa binadamu dawa kwa samaki watatu?"

"Ndiyo."

"Watatu tu? Jibu la mara moja?"

"Ndiyo, bwana, ndiyo! Nitukane baadaye, sasa endesha!"

Aliongeza mwendo. Baada ya muda nikamsikia akisoma dua kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Moiz akiogopa hutania, na alikuwa ameacha kutania. Nilipiga simu kwenye kila taa nyekundu. Nilipiga tulipopita mashine za mchele. Nilipiga pale mivumo inapoanza, mirefu, myeusi, kila mmoja na chungu chake cha tembo shingoni, na nikakumbuka nilivyokuwa nikimngoja baba chini yake nikiwa mdogo, nikiogopa kutazama juu. Hofu ile ile. Sikuwa nimebadilika kitu, nilikuwa tu nimepata shahada.

Tulipoingia uani sikushuka kwenye pikipiki, nilianguka. Baba alikuwa kitandani barazani, uso ameugeuzia ukutani, shuka limemfunika mpaka kiunoni. Hakutikisika.

"Baba."

Nikasogea mpaka ubavuni mwa kitanda.

"Baba!"

Kichwa kikageuka. Macho yalikuwa mekundu, mashavu yamelowa.

"Uko hai," akasema baba yangu.

Mimi ndiye niliyepaswa kusema hayo. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. Simu ilikuwa imechomekwa kwenye chaji ukutani, hatua nne kutoka kitandani, ambako mama aliiacha asubuhi kwa kusahau.

"Imelia mara kumi na saba. Simu hailii hivyo mtu akiwa mzima. Nikasema basi, umegongwa na gari, ni watu wa hospitali wanapiga. Nimelala hapa nikiitazama. Nimejaribu kujivuta, ona." Viwiko vyake vilikuwa vimechubuka.

Nilimshika kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa ukidunda, mbio lakini sawasawa, tuk tuk tuk, na nilihesabu mpaka sitini, nikahesabu tena. Moiz alikaa chini kwenye ngazi akaegemeza kichwa magotini.

"Zile dawa, baba. Leo umemeza ngapi?"

Macho yake yakakimbilia pembeni. Mama aliingia wakati ule, kaitwa na jirani, nyuzi za pamba zimemng'ang'ania nyweleni.

"Anameza zote," mama akasema, akihema. "Mbele yangu. Nampa maji kwa mkono wangu. Kuna nini?"

"Mwache," baba akasema. Alipeleka mkono chini ya kitanda akavuta chungu chake kimoja cha zamani cha kugemea, kilichoungua midomo. Akanipa. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na uji mweupe uliokauka, na juu yake vidonge viwili vilivyoanza kulainika, bado vya duara.

"Zinakaa chini ya ulimi," akasema. "Mama yako akigeuka, natema."

Mama akakaa chini sakafuni pale alipokuwa.

"Zote?"

"Tangu ya kwanza."

Nilikikumbatia kile chungu. Nilicheka au nililia, sina hakika. Moiz baadaye alisema ilikuwa sauti ya mbuzi. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya mtu aliyeogopa saa mbili nzima.

"Kwa nini? Mimi nakuletea dawa, wewe unatema?"

"Naogopa."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unapanda mvumo na mvua?"

"Kule juu nilijua nikianguka nitaangukia wapi." Alilivuta shuka kidogo. "Hii ya kwako sijui. Nikimeza, na miguu isiamke, kesho nitasubiri nini tena? Bora dawa iwepo ndani ya nyumba na mimi nisiijaribu."

"Na vidole kupata joto?"

"Uliposikia ulicheka," akasema. "Miaka miwili unapiga simu, unauliza nimekula, nimelala, kama nesi. Siku ile ulicheka. Ningefanyaje?"

Basi nikamwambia yote. Nilipaswa kunyamaza, Moiz alinikonyeza ninyamaze, lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa nyumba ile. Nikamweleza trei, nukta ya kalamu, unga wa Sattemma, samaki waliokufa na samaki walioogelea. Nilimwambia kama angekuwa mtiifu angekuwa amekufa. Alisikiliza bila kupepesa. Nilidhani atanitukana, nami nilitaka anitukane.

"Wale watatu," akasema hatimaye. "Waliogelea kweli?"

"Ndiyo."

"Uliwakata wewe mwenyewe? Walikuwa wamelala kama mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Na wakaogelea."

"Siku ya pili."

Aliegemea kiwiko kilichochubuka akajiinua. Sijawahi kumwona na uso ule, hata kabla ya kuanguka. Yule mtu aliyetema vidonge kwa siku tisa kwa kuogopa kutumaini alikuwa ametoweka, na ni mimi niliyemfukuza, kwa mdomo wangu.

"Kwa hiyo ipo," akasema. "Si hii, ni ya kile kishimo kingine. Inaitwaje?"

Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama nilikuwa nayo mfukoni.

Nilikuwa nalijua jina. Nilikuwa nimelitafuta kwenye orodha kwa simu pale barabarani, nikiwa mgongoni kwa Moiz, huku nikiamini baba amekufa. Aibu iliyoje. Ilikuwa dawa ya zamani pia, ya bei ya chai, na huenda duka lile lile la Bhongir linayo. Samaki watatu. Jibu la mara moja. Na safari hii asingetema. Angemeza pakiti nzima kwa siku moja kama ningemruhusu. Njia yote niliogopa kumkuta amekufa, lakini hofu ile haikufika hata nusu ya hii niliyokuwa nayo mbele ya kiganja kile kilichojaa sugu za kamba.

Nilimtazama Moiz. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Haina jina, baba," nikasema. "Chupa ina namba tu. Mpaka turudie, mara tatu, tena na tena. Itachukua muda."

Mkono ulibaki hewani. Baba yangu ameuza tembo kwa miaka thelathini kwa watu wanaoapa kwamba watalipa kesho. Uongo anaujua kabla haujamaliza kutoka mdomoni. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaurudisha mkono taratibu, akaliondoa shuka miguuni, akavitazama vidole vyake vilivyolala vile vile kama alivyoviacha.

"Leo vina joto zaidi," akasema.

Akaniinulia macho, akingoja. Nikacheka.